Bahati na Atiman hawamo kwenye kalenda: wabatizwe vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa mapacha, wa kike na wa kiume, tunaishi Ujiji. Wa kike tulimpa jina Bahati, kwa sababu alizaliwa halii na mkunga alishaanza kumfunika. Wa kiume, mama mkwe anataka aitwe Atiman. Kwao ni Karema, na huyo Daktari Atiman ndiye aliyemtibu mama yake zamani. Kwake yeye ni mtakatifu, hataki kusikia jina lingine. Tulipokwenda kuandikisha ubatizo katekista akafungua kalenda, akasema Atiman hayumo na Bahati si jina la Kikristo, tutafute majina ya watakatifu. Je, ni kweli? Na kama Atiman alikuwa mtu wa Mungu kiasi hicho, mbona si mtakatifu? Mbona huku kwetu ziwani hakuna hata mmoja?

Jibu: Marahaba, mama pacha, na hongera sana. Mngekuwa huku Tabora, watoto wangeshaitwa Kulwa na Doto kabla hata kitovu hakijadondoka, na kalenda ya katekista ingekuta mambo yamekwisha. Lakini mko Ujiji, na mama mkwe ni mtu wa Karema, kwa hiyo tukae tuzungumze.

Jibu la haraka kwanza, maana najua wasimamizi wameshapatikana na vitenge vimeshanunuliwa: majina yote mawili yanaandikika. Usimkasirikie katekista. Anafuata alivyofundishwa, na waliomfundisha walikulia kwenye sheria ya zamani, ile ya mwaka 1917, iliyomwagiza paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo. Asipofanikiwa kwa wazazi, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili daftarini. Ndiyo maana tunao wazee ambao jina lao la ubatizo lilijulikana na padre tu. Tulimzika jirani yangu mmoja tuliyemwita Masanja maisha yake yote. Padre alipoanza kumwombea “mtumishi wako Nikodemu”, mjane aligeuka nyuma kumtafuta huyo Nikodemu ni nani.

Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1983. Kanuni ya 855 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Basi. Hailazimishi jina la mtakatifu. Katekisimu nayo inasema jina laweza kuwa la mtakatifu, ili awe mfano na mwombezi wa mtoto, au laweza kutaja fumbo au fadhila ya Kikristo. Kwa hiyo Neema linapita, Imani linapita, na Hakizimana, jina la huko kwenu lisemalo kwamba Mungu ndiye aponyaye, lina theolojia nyingi kuliko Richard. Majina kama Matatizo na Masumbuko mimi ningeshauri yabaki nje ya mlango wa kanisa, lakini hayo ni maoni yangu, wala sijaombwa.

Hata hivyo sitaki ushinde kesi kwa kanuni peke yake. Ninyi na katekista mnatafuta kitu kimoja: mtoto awe na somo mbinguni, yaani mtakatifu wa jina lake. Na hapo ndipo ninapomdai katekista wako kidogo, kwa sababu Bahati yumo kwenye kalenda. Yumo tarehe 8 Februari. Amemruka.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, Sudan. Akiwa na miaka kama 7 au 9 wanaume wawili walimkuta shambani wakamteka. Hofu ilimshika hadi jina alilopewa na mama yake likamtoka kichwani, na hakulikumbuka tena mpaka anakufa. Waliomteka ndio waliompa jina jingine, kama mtu anavyompa jina mbwa aliyemwokota njiani: Bakhita. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Mzizi ni ule ule wa neno letu. Kumwita hivyo mtoto uliyemwiba kwao ni kejeli.

Aliuzwa na kuuzwa tena, El Obeid, Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa chale kwa wembe mwilini, kisha zikasuguliwa chumvi ili makovu yasimame. Alibaki nayo 114. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, na huyo hakumpiga. Miaka miwili baadaye alifika Italia, akawekwa kuwa yaya wa mtoto katika familia nyingine. Bibi wa nyumba hiyo alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita, aliyekuwa amehifadhiwa kwa masista Wakanosa huko Venice, alisema haendi. Kesi ikafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa.

Sasa sikiliza majina aliyopewa kisimani: Yosefina, Margarita, na Fortunata. Hilo la tatu ni Bakhita kwa Kilatini. Aliyembatiza hakulitupa jina walilompa wezi. Alilitafsiri, akalimwagia maji. Kila Fortunata unayemjua hapo Ujiji, na najua hawakosekani, anaitwa Bahati kwa lugha ya kanisani. Katekista angekubali Fortunata bila kufungua ukurasa, halafu akamkataa Bahati!

Bakhita akawa sista mwaka 1896. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi mji wa Schio, akipika, akitunza sakristia, akifungua mlango wa konventi. Hakuandika kitabu cha mafundisho wala hakuanzisha shirika. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Siku yake ya kufa ndiyo sasa siku ya Kanisa lote kuwaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa. Liko jambo lake moja linalonisumbua hadi leo. Alisema kama angekutana na wale waliomteka, angepiga magoti awabusu mikono, kwa sababu bila wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Mimi nimelifundisha darasani mara nyingi na sijawahi kulisema bila kusita. Yeye alikuwa na haki ya kulisema, maana makovu yalikuwa yake. Sisi wengine tusimsaidie kulisema.

Na wewe unaishi Ujiji, mama. Mji wako ulikuwa kituo cha njia ile ndefu ya pembe na watumwa, Ujiji hadi Tabora, Tabora hadi Bagamoyo. Miembe ile ya zamani mnayopumzika chini yake iliona watoto wakipita na kamba shingoni, na majina yao hatunayo. Msichana anayeitwa Bahati, somo wake Bakhita, akabatizwa hapo hapo: mimi sioni jina zuri kuliko hilo kwa mji huo.

Kuhusu hoja kwamba jina la kienyeji haliwezi kuwa la Kikristo, muulize katekista wako, kwa heshima, kama anamkubali Kizito. Bila shaka atasema ndiyo. Huenda hata kwaya yake inamwimba. Sasa Kizito ni jina gani? Ni la Kiganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, pale Munyonyo, vijana Wakristo waliofungwa walijua kwamba Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, atawaua. Karoli Lwanga akawabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini wasiobatizwa, naye Kizito, kijana wa miaka kama 14, alikuwa mmoja wao. Hapakuwa na kalenda mle ndani. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Mwaka 1920 wakawa wenyeheri, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu, 22 kwa jumla, na leo tunawaomba Kizito, Gyavira, Mugagga na Tuzinde kwa majina waliyopewa na baba zao. Kabla ya mwaka 1886 mtu angesema Kizito hayumo kwenye kalenda, na angesema kweli.

Mapadre waliowafundisha vijana hao walipita hapa kwetu. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie, ulitoka Bagamoyo mwaka 1878, ukafika Tabora, ukagawanyika. Kundi moja likaenda kaskazini hadi kwa Kabaka, humo akiwamo Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Kundi jingine likaja kwenu, likaingia Ujiji Januari 1879. Nalisema kwa sababu ya swali lako la mwisho, kwamba mbona upande wa kaskazini walipata watakatifu na upande wa ziwa lenu hawakupata. Mbegu ilitoka gunia moja.

Tuje kwa Daktari Atiman, maana naona ndiye moyo wa barua yako.

Mama mkwe wako hajaota. Adrien Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, maeneo ya Timbuktu, karibu mwaka 1866. Naye alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa kwa fedha. Wakamsomesha Algeria, kisha kisiwani Malta, ambako Lavigerie alikuwa amefungua chuo cha kuwaandaa vijana Waafrika wawe matabibu na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ile ngome ya Wabelgiji iliyokuwa imekabidhiwa kwa mapadre miaka minne kabla. Akakaa. Wengine walikuja wakaondoka, mapadre wengi walikufa kwa homa, Mjerumani akaja, Mwingereza akaja, yeye yupo. Alioa binti wa huko huko, Agnes, na mwana wao Joseph akawa padre. Alitibu majeraha ya mikuki na ya wanyama, alikata viungo vilivyooza, alipambana na malale, na kati ya mgonjwa na mgonjwa alifundisha katekisimu. Alifariki Aprili 1956, bado Karema. Hiyo ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Mimi nilifundisha shule moja miaka 19 nikaona nimevumilia.

Je, ni mtakatifu? Hapa lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo Kiswahili kinavibeba kwa neno moja. Mtakatifu kwa maana ya kwanza ni yeyote aliye mbinguni, na Kanisa halidai kuwa na orodha kamili ya hao. Tarehe 1 Novemba tunawasherehekea wote, pamoja na bibi zetu waliokufa na rozari mkononi. Kwa maana ya pili ni yule ambaye Kanisa limemchunguza na kusema hadharani: huyu yuko kwa Mungu kwa hakika, mwigeni, mwombeni awaombee. Kutangazwa hakumwongezei yeye kitu. Kunatusaidia sisi. Atiman hajatangazwa mtakatifu wala mwenyeheri. Kama yuko mbinguni, yuko kwa maana ya kwanza, na mama mkwe anaweza kuwa sahihi kabisa bila kalenda kusema lolote.

Zamani kutangaza kulikuwa kwa mkato. Watu wanakusanyika kaburini, askofu anakubali, sikukuu inawekwa. Papa wa kwanza tunayejua alimtangaza mtakatifu kwa utaratibu rasmi alikuwa Yohane XV mwaka 993, na katika karne ya 17 Urbano VIII akafunga mlango kabisa: hakuna heshima ya hadhara kwa marehemu yeyote bila idhini ya Roma. Leo inasubiriwa miaka 5 baada ya kifo, isipokuwa Papa akiruhusu mapema. Kisha askofu wa mahali mtu alipofia anafungua kesi, na kuanzia hapo marehemu anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mashahidi wanahojiwa chini ya kiapo, barua na maandishi yanakusanywa, hata yasiyompendeza. Jalada linakwenda Roma. Wakiridhika na fadhila zake wanasubiri muujiza mmoja ili awe mwenyeheri, na mwingine baada ya hapo ili awe mtakatifu. Muujiza kwa kawaida ni uponyaji ambao madaktari wamekaa na vyeti vya hospitali wakashindwa kuueleza. Aliyeuawa kwa ajili ya imani husamehewa ule wa kwanza.

Umeona neno linalojirudia? Mashahidi, barua, jalada, vyeti. Utakatifu ni kazi ya Mungu. Kutangazwa ni kazi ya makaratasi, na sisi watu wa magharibi ya Tanzania makaratasi yametushinda.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwenda kwenye kigango kimoja cha zamani kufuatilia habari za katekista aliyekufa kabla ya uhuru. Wazee walisimulia kwamba wakati wa njaa aligawa mbegu zake za mwisho, na kwamba alitembea siku mbili kwenda kumbatiza mgonjwa wa ukoma ambaye hakuna aliyetaka kumsogelea. Nikaambiwa daftari lake lipo stoo. Tukafungua, mimi na kijana mmoja wa kwaya. Lilikuwa chini ya magunia ya saruji, limeegemea ukuta. Jalada la ngozi lilikuwa zima, limefungwa kwa kamba ya katani, hata nikafurahi. Nilipolifungua udongo ulimwagika miguuni. Mchwa walikuwa wamekula kutoka katikati kwenda pembeni, wakabakiza ukingo wa kila ukurasa, upana wa vidole viwili, na kwenye ukingo ule mwanzo wa majina kwa wino wa bluu: Yo, Pet, Mari, Yo, Lu. Yule kijana alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Wazee walionisimulia wote wameshafariki. Mimi sikuandika kiapo cha hata mmoja, nilikunywa chai yao nikaondoka. Jina la yule katekista nalijua, lakini nina nini cha kumpelekea askofu?

Huyo ni mmoja. Fikiria Atiman: mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipofariki daktari alizaliwa mwaka 1946. Piga hesabu mwenyewe umebaki muda gani wa kuwasikiliza waliomwona kwa macho. Ana bahati kuliko katekista wangu, kwa kuwa mapadre waliandika habari zake, na hospitali yenye jina lake ipo Sumbawanga. Lakini habari za daktari hodari hazitoshi. Kinachotakiwa ni sifa ya utakatifu: watu waliomwona wakasema huyu alisali hivi, alisamehe hivi, alikataa hiki. Habari hizo ziko vifuani mwa watu kama mama wa mama mkwe wako.

Kwamba ziwani hakuna hata mmoja, hilo sasa nalikataa. Geuka utazame ng'ambo.

Boti za Kigoma zinakwenda Baraka, upande wa Kongo, kila mara. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba, waasi walifika misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Mwitaliano wa shirika la Wasaveriani, alipigwa risasi akafa nje. Padre Luigi Carrara alikuwa anaungamisha. Alitoka, akaambiwa apande gari. Akasema kama wanataka kumwua, afadhali afe pale pale na mwenzake, akapiga magoti kando ya maiti. Wakamwua. Mmoja alikuwa na miaka 30, mwingine 31. Jioni ile ile waasi walipanda Fizi, wakamwua Padre Giovanni Didonè, na pamoja naye padre mwenyeji, Albert Joubert.

Huyu wa mwisho mwangalie vizuri. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, ufuko wa magharibi wa ziwa. Mama yake alikuwa Mwafrika, Agnes Atakaye. Baba yake alikuwa Mfaransa, Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyekuja kuzilinda misheni za ziwani na akapigana miaka mingi na misafara ya watumwa, ikiwamo ile ya Rumaliza wa Ujiji. Mji wako tena! Baba alipigana na watu waliotoka Ujiji, mtoto akauawa kilimani Fizi, na wote wanne, wale Wasaveriani watatu pamoja na Albert Joubert, walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Miaka 60 kasoro miezi mitatu baada ya kuuawa. Ukiwa na jirani Mbembe, au ndugu kambini Nyarugusu aliyetoka Fizi, muulize. Huenda babu yake alibatizwa na mmoja wao. Mwenyeheri Albert Joubert ni mtu wa Ziwa Tanganyika kuliko wengi wetu, na sijui kwa nini mahubiri ya huku yanamsahau.

Wako na wengine wa Kongo, Anuarite Nengapeta na Isidori Bakanja, hao mnawajua. Wa karibuni ni Floribert Bwana Chui wa Goma, mkaguzi wa vyakula mpakani, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26 kwa kukataa rushwa ili chakula kibovu kipite. Alitangazwa mwenyeheri Juni 2025. Mji wa bandari kama Kigoma ungemfaa sana, ila sijui wangapi wa bandarini wangemtaka awe somo wao.

Kwa upande wa Tanzania yupo Mwalimu Nyerere. Amesoma Tabora, amefundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, na sasa ni Mtumishi wa Mungu, yaani yuko ngazi ya kwanza, kesi ikiwa imefunguliwa na Jimbo la Musoma. Na mtakatifu aliyetembea kabisa juu ya udongo huu tumemwona: Yohane Paulo II alifika Tabora Septemba 1990. Nilikuwepo. Ningependa kukuambia nilihisi kitu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekanyagwa kidole na nilikuwa nawaza kiatu.

Sasa mama mkwe. Mwambie anaruhusiwa kumwomba Daktari Atiman amwombee, chumbani kwake, kwa maneno yake. Hiyo ni sala ya binafsi na haina kosa, na kusema kweli pasipo sala za namna hiyo hakuna kesi inayofunguliwa popote. Asichoruhusiwa ni kumweka altareni, kumtengenezea sanamu ya kanisani au kuchomeka jina lake kwenye Litania ya Watakatifu siku ya ubatizo. Nasikia amepanga. Amwache kwanza, kwa faida ya Atiman mwenyewe: Roma hukagua kama watu walimtangulia Papa kumtangaza, na wakikuta hivyo kesi inakwama.

Na majirani zenu Waislamu wakiwauliza kama mnaabudu wafu, jibuni kwa utulivu. Tunamwomba Mungu. Mtakatifu tunamwomba atuombee, kama wewe unavyomwomba mama mkwe asali watoto wapone homa. Wapo kweli Wakatoliki wanaomtumia Mtakatifu Antoni kama mganga wa vitu vilivyopotea, funguo ikionekana wamemsahau hadi ipotee nyingine. Hao wana kesi yao.

Ubatizo ufanyeni hivi. Mrudie katekista kabla hamjakwenda kwa paroko, msimruke, ni mtu wa kufanya naye kazi miaka mingi. Wa kike mwandikisheni Bahati, na pale panapotakiwa somo aandike Mtakatifu Yosefina Bakhita, 8 Februari. Akisisitiza jina la pili, Fortunata liko tayari.

Wa kiume mwandikisheni Adriani Atiman. Adrien ndilo jina la ubatizo la daktari, kwa hiyo mtoto anamrithi yote mawili, na Adriani ana mtakatifu wake asiyebishiwa: Adriani wa Canterbury, Mwafrika wa kaskazini, aliyekataa uaskofu mkuu wa Uingereza alipopewa na badala yake akaenda huko kufundisha shule karne ya 7. Sikukuu yake ni tarehe 9 Januari. Ndiyo tarehe aliyobatizwa Bakhita. Sikulipanga mimi, lakini kwa mapacha nimelipenda.

Hiyo ni ya kanisani. Ya nyumbani ni hii: nunua daftari la kurasa nyingi, keti na mama mkwe, mwache asimulie alivyosikia kwa mama yake. Aliugua nini, mwaka gani au msimu gani, alipelekwa na nani, daktari alimwambia nini, alilipishwa au hakulipishwa, alisali naye au hakusali. Andika maneno yake kama anavyoyasema, hata ya kumlaumu daktari kama yapo. Mwisho aweke sahihi au dole gumba, wewe na shahidi mmoja mwandike majina na tarehe. Akiwepo mzee mwingine wa Karema hapo Kigoma, mfuate naye. Toa nakala mbili, moja ipelekwe Jimbo la Mpanda, ambako Karema iko sasa. Daftari lenyewe litie kwenye kopo la bati, uliweke juu, mbali na ukuta. Mchwa wa Ujiji sidhani kama wana adabu kuliko wa Tabora.